Watani wa Matete na Shimo la Mgeni Rasmi

Mmeniomba mwongozo wa klabu ya mazingira. Mmesema uwe mfupi, wenye vichwa vya habari na picha mbili tatu. Nimestaafu wiki tatu zilizopita, na raha ya kwanza niliyoigundua katika ustaafu ni kwamba hakuna anayeweza kunipangia kurasa. Basi nitaandika kadiri ninavyokumbuka, na anayetaka vichwa vya habari ataviweka mwenyewe. Madaraja na mishahara siyagusi. Hayo mnayajadili vya kutosha wakati wa mapumziko, mpaka chai inapoa.

Nilifika shuleni kwetu nikiwa binti wa Mabatini, mtoto wa fundi cherehani, nimevaa viatu vya kisigino. Nimezaliwa Mwanza na kukulia Mwanza, lakini ziwa nilikuwa nalijua kwa upande wa sahani tu. Sato wa kukaanga tuliheshimiana. Hayo mengine yaliyokuwa yanaishi kule majini na kwenye matete niliyaachia wenyewe. Shule mnaijua: madarasa yamebanwa kati ya mawe makubwa na maji, na uwanja umeinama kuelekea ziwani kiasi kwamba timu inayocheza kuteremka huongoza kila mara mpaka mapumziko. Mwalimu mkuu wa wakati ule aliniangalia viatu, kisha akanipa kazi tatu ambazo hupewa mgeni: kengele, ufunguo wa kabati lenye popo, na klabu ya mazingira.

Klabu nilikabidhiwa na Mwalimu Masanja, Msukuma mmoja mrefu aliyefundisha sayansi na kuvaa mabuti ya mvua mwaka mzima, hata siku aliyomwoza binti yake. Vifaa vilikuwa kipenga, kamba yenye vifundo ya watoto kushikilia, ndoo isiyo na mkono, na lenzi moja yenye ufa.

"Ufa usikusumbue," aliniambia. "Unamwongezea mdudu miguu miwili. Watoto wanapenda."

Sheria zake zilikuwa chache na bado ni halali, kwa hiyo ziandikeni. Hakuna mtoto kutia mguu majini, kwa sababu ya mamba na kwa sababu ya kichocho, na kati ya hao wawili kichocho ndicho kinachokuja bila kuonekana. Twendeni asubuhi, kabla jua halijayapasha mawe. Na hesabu vichwa kila baada ya dakika tano.

"Mwalimu Zuhula," alisema, maana hilo ndilo jina langu kwa ulimi wake, "kalibu na maji usiite majina. Jina anaweza kuitikia lafiki yake. Kichwa, lazima mwenyewe awepo."

Tangu siku hiyo kidole changu cha shahada kilianza kuhesabu chenyewe. Kimehesabu watu sokoni, kimehesabu watu harusini, na mara mbili kimehesabu jamaa waliokuja kunipa pole. Marehemu mume wangu alizoea kuonyeshwa kidole anapoingia sebuleni peke yake, akawa anajibu, "Mmoja, Mwalimu."

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya watoto sabini na kitu nikauliza, mazingira ni nini? Waliruka kama wamekalia siafu. "Mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka kiumbe hai!" Walipaza sauti mpaka njiwa wakaondoka juu ya bati. Nikajawa na fahari. Kengele ikalia, wakatoka nje, wakanunua lambalamba, na karatasi za lambalamba wakazirusha kwenye vitu vyote vinavyomzunguka kiumbe hai. Kiumbe hai nikiwa mimi, moja ilinigandia kisiginoni.

Mwezi wa pili nikakutana na shimo. Kila mwaka, mvua zikishakolea, shule ilikuwa na siku ya kupanda mti. Alialikwa mgeni rasmi, yakafungwa maturubai, ikasomwa risala, mgeni akapanda mti mmoja, akapigwa picha, akala wali na kuku, akaondoka. Kazi yangu ilikuwa kushika ndoo ya kumwagilia na kutabasamu. Mwaka uliofuata nikashika ndoo ileile, kwenye shimo lilelile. Nilimuuliza Masanja mti wa mwaka jana uko wapi.

"Ulikufa."

"Na wa mwaka juzi?"

"Ulikufa pia. Ndiyo maana nafasi ipo."

Mnajua ardhi ya Mwanza: ukichimba unakutana na jiwe, na shimo jipya linakula siku mbili na mpini mzima wa jembe. Kwa hiyo kamati ya maandalizi ilikuwa inaandika kwenye kumbukumbu zake, kati ya turubai na kuku, maneno mawili: "Shimo: lipo." Kwa miaka mingi nilimwagilia marehemu mmoja baada ya mwingine. Nilimwagilia mvinje. Nilimwagilia mgrevilea. Nilimwagilia mwarobaini, ambao tunaambiwa unatibu magonjwa arobaini, nao ukafa kwa la arobaini na moja. Sikusema kitu. Nilikuwa naogopa kuonekana mjuaji, na baadaye nilikuwa nimekaa kimya muda mrefu mno hata nikaona aibu kuanza kusema. Hilo nalo liandikeni, mkipenda.

Sasa nifike kwenye utani, maana najua ndicho mnachokitaka. Wengi wenu mnadhani niliusomea mahali. Ulinijia kwa bahati, siku niliyokuwa nimekasirika.

Tulikuwa kwenye mawe, juu ya matete. Nimewaambia watoto watazame mazingira kimya kwa dakika moja, waandike walichoona. Baada ya nusu dakika wanane waliomba ruhusa ya kwenda chooni. Pembeni alikuwa amesimama korongo, yule mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni. Mtoto mmoja akasema, bila kunong'ona vya kutosha, "Yule anafanana na mkaguzi aliyesahau alichokuja kukagua."

Wakacheka. Mwingine akadakia, "Ana koti, shati hana." Mwingine, "Nauli ameificha kwenye mfuko wa shingoni." Waliotoka kwenda chooni wakarudi mbio wasipitwe. Msichana mmoja mdogo akasema, "Tena anajisaidia kwenye miguu yake mwenyewe, ndiyo maana ni myeupe!" Hapo nikasimama na kumkaripia kwa uongo na utovu wa adabu.

Masanja, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe akimwaga mchanga kutoka kwenye buti, akasema, "Si uongo. Anajipoza joto kwa njia hiyo."

Nikamtazama korongo. Korongo naye, kama aliyesikia anatajwa, akafanya palepale mbele ya darasa zima. Sijawahi kupata kielelezo kizuri kama kile katika maisha yangu ya ualimu.

"Umeona?" Masanja aliniambia tukirudi. "Wamemwangalia dakika alobaini. Ukitaka mtu amwangalie mwenzake vizuli, mpe luhusa ya kumtania."

Wiki iliyofuata nilikata vikaratasi, nikaandika majina ya kila kilichokuwa kinaishi kwenye kona yetu ya ufukwe, nikavitia kwenye ndoo isiyo na mkono. Kila mtoto akachota mtani wake. Kenge, mdiria, konokono, pimbi, mafunjo, mjusi wa kichwa chekundu, kichuguu cha mchwa. Kila Ijumaa alitakiwa kumtembelea mtani wake na kumrushia kijembe kimoja kipya. Kijembe lazima kiwe cha kweli, kitu ulichokiona kwa macho yako. Ukisema uongo, mtani amekushinda. Na utani ni wa pande mbili, kwa hiyo mdiria akikuachia zawadi begani kutoka juu, huruhusiwi kununa.

Mngewasikia! Watoto wanaotokea upande wa Bujora walikuwa na kipaji cha pekee, kwa sababu wamekulia kwenye mashindano ya ngoma, ambako kundi moja linalisema kundi jingine hadharani kwa nyimbo na hakuna anayekwenda polisi. Wa pimbi aligundua kwamba ukoo mzima wa pimbi una choo kimoja juu ya jiwe, nao hukitumia wote bila kukosea. "Mtani," alimwambia, "unanuka, lakini una choo kizuri kuliko cha darasa la nne." Siku hiyohiyo darasa la nne walifagia choo chao kwa hasira. Mimi nilikuwa nimewaomba kwa mwaka mzima na mabango mawili.

Kesi ngumu zilikuwepo. Asubuhi moja mama mmoja alikuja ofisini amejifunga khanga kwa vita.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Mwalimu, mwanangu hashikiki. Jana kamwambia baba yake kwamba anakoroma kama kiboko mwenye mafua."

"Pole sana. Je, ni kweli?"

Akatazama mlangoni, kisha akasogeza kiti. "Ni kweli kabisa. Ila naomba umwambie asiseme mbele ya wageni."

Nikaongeza sheria: vijembe mwisho getini. Hakuna aliyeifuata.

Kesi iliyonibadilisha mimi ilikuwa ya mdiria. Mtoto aliyempata alikuja darasani analia kwamba mtani wake amenaswa mguu kwenye kipande cha wavu kilichotupwa. Tulikwenda wote na mkasi. Sikuwaambia wafanye chochote, lakini walipofika walikaa chini kama watu waliofika msibani, na mmoja alikuwa amebeba sukari kwenye karatasi, kwa sababu kwao mtani haendi msibani mikono mitupu. Tulimfungua. Alimng'ata Masanja kidole akaruka. Halafu watoto, bila kipenga na bila hotuba, wakaanza kuokota vipande vya wavu ufukweni kote, huku wakimtania mdiria kwamba anavaa nguo za watu. Nililia. Nilijifanya ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi na kuingia machoni, lakini nililia.

Masanja alistaafu mwaka huo. Aliniachia mabuti, nami nikaviacha viatu vya kisigino kwenye kabati la popo, ambako nadhani bado vipo.

Sasa Minza. Mnamjua kama Mwalimu Minza, anayewaazima chaja na kuzidai kwa ukali. Wakati ule alikuwa darasa la tano, mwembamba, mwenye kuchelewa. Siku ya kuchota watani alifika ndoo ikiwa tupu.

"Vimeisha," nikamwambia.

"Basi nipe chochote, Mwalimu."

Nilikuwa na haraka, na mbele yangu nililiona shimo. "Chukua lile shimo."

"Shimo ni kiumbe hai?"

"Nenda ukaangalie."

Nilisema hivyo ili aniondokee, nakiri. Lakini Minza alikwenda. Ijumaa ya kwanza alirudi na kijembe: "Mtani, una mdomo mkubwa na tumbo dogo." Nikauliza maana yake nini. Akanipeleka, akalala kifudifudi, akaingiza mkono. Mkono uliishia kwenye kiwiko. Chini palikuwa na jiwe moja pana kama meza, na mvua iliyonyesha ilikuwa imetuama juu yake kama kwenye bakuli. Mizizi ya kila mgeni rasmi ilikuwa imeoga humo masika yote ikaoza, kisha kiangazi kikamalizia kilichobaki. Miaka yote hiyo nilikuwa na ndoo mkononi, na sikuwahi kuingiza mkono.

Ijumaa ya nne akaniambia mtani wake amepata wapangaji. Vyura walikuwa wametaga, na maji yote yalikuwa meusi kwa viluwiluwi. Minza aliwatania wote kwa ujumla: "Vichwa vikubwa, na bado hamjui mtakuwa nani." Darasa zima likawa linakwenda kuona kama miguu imeota.

Mwaka huo kamati ilikuja na wazo jipya. Mwenyekiti wa kamati ya shule, bwana mpole anayependa mambo yapendeze, alisimama kwenye kikao na kusema matete yanamzibia mgeni rasmi ziwa. Akikaa meza kuu haoni maji. Basi mgeni akishapanda mti, akabidhiwe fyekeo lililofungwa utepe, akate matete ya kwanza, na wazee wenye mafyekeo mengine wamalizie. Ingeitwa usafi wa ufukwe. Mwalimu mkuu akaafiki, mimi nikaandika kumbukumbu. Turubai. Kuku. Fyekeo na utepe. Shimo: lipo.

Nililala vibaya wiki ile. Watani karibu wote walikuwa wanaishi mle kwenye matete. Nilimfuata mwalimu mkuu mara moja, akaniambia, "Mwalimu Zuhura, kadi za mwaliko zimeshatoka," kama vile kadi ni amri kutoka mbinguni. Niliporudi darasani watoto waliniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Wakaniuliza nitafanya nini. Nikawaambia wafungue daftari za hesabu.

Siku ikafika. Mgeni rasmi alikuwa ofisa kutoka Nyamagana, mnene, mcheshi, suti ya kijivu, ua la kitambaa kifuani. Alikuwa amehamia kutoka Pwani miezi michache tu. Risala nilisoma mimi, na wadudu wa ziwani walikuwa wengi siku hiyo, nikawameza wawili na aya nzima ya shukrani. Kisha yeye akasimama.

"Mimi ni Mzaramo," akasema, "na nimefurahi kuja kwa watani zangu Wasukuma. Nilipoambiwa kuna ugali nikauliza, je, wenyeji watabakiza?"

Wazee wakaangua kicheko. Mimi nikageuka kumtazama Minza, na niliona macho yake yamewaka. Mzaramo na Msukuma ni watani tangu enzi za mababu. Mgeni alikuwa ameufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, na mlango huo ukishafunguliwa hakuna itifaki inayoweza kuufunga.

Wakamwongoza kwenye shimo. Mche ulikuwa tayari, mkuyu mdogo wenye majani manne. Mimi na ndoo yangu. Mpiga picha akapiga goti. Na Minza akatoka kwenye mstari, akavua viatu, akaketi ukingoni mwa shimo, miguu ndani, polepole asiwakanyage wapangaji.

"Mtani," akamwambia mgeni rasmi, "humu hazikwi mtu leo."

Mwalimu mkuu alipata rangi ambayo sijaiona tena mpaka leo. Lakini wazee walielewa kabla yake, na mmoja akapiga kofi la paja. Mnajua wenyewe: mtani ana haki ya kuingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe anachotaka, na wafiwa hawaruhusiwi kukasirika.

Mgeni akacheka, akapeleka mkono mfukoni.

"Noti sitaki," Minza akasema. "Kwanza usikie waliolala humu. Amelala mvinje. Amelala mgrevilea. Amelala mwarobaini. Wote walizikwa na wakubwa waliovaa suti nzuri kama yako, na hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye arobaini. Nyie Wazaramo ngoma mnajua, mazishi mtuachie sisi."

"Ni kweli haya?" mgeni akauliza, akitazama huku na huku. "Nani anajua?"

Watu wote walitazama ndoo. Nyuma ya ndoo nilikuwa mimi. Mwalimu mkuu alinikazia macho, na Minza akanitazama pia, na macho ya Minza yalikuwa mazito zaidi.

"Ni kweli, mheshimiwa," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba. "Wote nimewamwagilia mimi. Chini kuna jiwe. Nilinyamaza."

Mgeni akavua koti, akampa mwalimu mkuu alishike, akapiga magoti na kuingiza mkono. Ukaishia kwenye kiwiko. Alikuwa bado amekunja uso pale chura mmoja mkubwa aliporuka, akatua kifuani kwake, juu ya ua la kitambaa. Mpiga picha, Mungu ambariki, alipiga.

"Na huyu je," mgeni akauliza taratibu, bila kutikisika, "naye ni mtani?"

"Huyo ni mwenye nyumba," Minza akasema.

Kuanzia hapo sherehe haikuwa na mwenyewe. Minza alitaja anachotaka: fyekeo libaki na utepe wake, na mgeni aende kwenye matete akajulishwe kwa watani. Akaenda, na viatu vyake vya kung'aa, akishikilia kamba yenye vifundo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidole changu kilimhesabu. Watoto walisimama mmoja mmoja, kila mtu na mtani wake. Minana waliojenga vichwa chini miguu juu walipata kijembe chao. Konokono alipata chake. Kenge alitambulishwa kama "mzee wa mtaa asiye na kazi maalumu". Mgeni alisikiliza karibu saa nzima, na kuku wakapoa, na mwenyekiti wa kamati akawa anafuta jasho, lakini mara ya tatu nilimwona naye anachungulia kiota.

Mwisho mgeni aliomba mkasi. Akakata utepe kutoka kwenye fyekeo, akaufunga kwenye tete moja, akageukia umma na kutangaza kwa sauti yake ya kikazi: "Nazindua rasmi kutofyeka."

Mti ulipandwa pia. Mtoto wa kichuguu alijua mahali udongo ni laini, kwa sababu mchwa walikuwa wamemwonyesha. Mgeni alichimba mwenyewe. Kiangazi kilipofika alirudi, kama Minza alivyomwagiza, na dumu la maji kwenye gari, akasimama mbele ya mkuyu na kusema, "Mtani, masika nzima na bado hunifikii kwenye mkanda." Mti huo ndio mnaoegesha pikipiki zenu chini yake. Shimo tuliwaachia vyura. Kwenye kumbukumbu za kamati niliandika: "Shimo: lina watu."

Baada ya hapo mambo yalikwenda, miaka ikaenda nayo. Wengine katika wale watoto wanauza simu mjini, wengine wanavua, mmoja anaendesha bajaji na amechora mdiria nyuma. Minza akarudi na barua ya ajira, akachelewa siku ya kwanza.

Ijumaa ya mwisho mlinifanyia sherehe nzuri, na keki ilikuwa kubwa. Ila nitawaambia kitu ambacho sikusema pale. Niliogopa. Jumatatu iliyofuata nilikaa Mabatini barazani, watu wakapita, wakaniamkia shikamoo bila kugeuza shingo, nikaona kwamba mwalimu asiye na darasa anageuka kuwa kitu ambacho watu hukipita tu. Wiki ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili ilikuwa ndefu zaidi.

Ijumaa iliyopita nikavaa mabuti ya Masanja nikaja ufukweni. Sikuja kukagua, nilikuja kukaa. Nilikaa kwenye jiwe, chini yangu klabu ikiwa kwenye matete na Minza akipuliza kipenga changu vibaya. Punde nikaona msichana mdogo ananipandia, soksi moja juu, moja chini. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, akaanza kunitazama. Alinitazama kutoka mbele, akazunguka, akanitazama kutoka nyuma, akachuchumaa akayatazama mabuti. Nadhani tangu mume wangu afariki hakuna mtu aliyewahi kunitazama kwa muda mrefu namna ile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea?"

"Hapana. Nilichelewa, vikaratasi vikaisha. Mwalimu Minza akaniambia nikuchukue wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo. Wewe ndiye mtani wangu. Nitakuwa nakuja kila Ijumaa." Akarudi kunitazama, kichwa upande, mpaka macho yake yakatua kwenye mkono wangu wa kulia, uliokuwa juu ya goti. Akatabasamu, kwa sababu alikuwa amekipata.

"Mtani," akasema, "umestaafu, lakini kidole chako hakijapata barua."

Nikatazama. Kilikuwa kinahesabu. Kilikuwa kimefika thelathini na nane, kikamrukia yeye, thelathini na tisa, na kikatulia, maana wote walikuwepo.